Waghani wengi, wasimulizi wachache

Siku hizi hafla ya Kiswahili haikamiliki bila mghani. Tangu UNESCO ilipoitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, majukwaa mengi ya maadhimisho humtengea nafasi yake. Kabla mgeni rasmi hajasimama, anaitwa kijana mwenye kitenge au kanzu, anashika kipaza sauti, anafumba macho kidogo kama anayesikiliza kitu cha mbali, kisha anaachia maneno. Wala si siku hiyo tu. Yumo harusini, yumo kwenye uzinduzi wa bidhaa, yumo kwenye kampeni na kwenye warsha za mashirika. Nairobi na Kampala mtindo huu unaitwa spoken word. Goma na Bukavu ni slam, na vijana wa huko huchanganya Kifaransa na Kiswahili cha Kivu. Dar es Salaam utasikia mashairi ya kughani, au ghani tu. Kenya imeufungulia mlango hata katika tamasha za kitaifa za maigizo za shule na vyuo, ambako wanafunzi hushindania vikombe kwa sanaa ambayo wazazi wao hawakuwahi kuisikia ikiitwa kwa jina hilo.

Kukua huku kumezusha ubishi, na kwa maoni yangu ubishi wenyewe umekosea shabaha. Upande mmoja wapo wanaosema kwamba huu si ushairi, ni makelele yaliyoletwa kutoka Marekani, hayana vina, hayana mizani. Upande wa pili wapo wanaosema kwamba haya ni mapinduzi, kwamba kizazi kipya kimekata minyororo ya vina na sasa kinasema ukweli wake. Wote wanabishania vazi. Mimi naona udhaifu wa ghani ya leo haumo katika vina wala katika asili yake, umo katika kisa. Ushairi wa kutamkwa mbele za watu, kwa Waswahili na majirani zao, ulipata nguvu kwa sababu ulibeba habari ya mtu fulani, mahali fulani, aliyefikwa na jambo fulani. Ghani nyingi tunazozisikia zimeacha kusimulia, zimekuwa hotuba zenye mdundo. Zinatuambia tuamke, tupendane, tuijenge nchi, tumlinde mtoto wa kike, na zikiisha tunapiga makofi, tunatoka nje, na hatukumbuki hata jina la mtoto mmoja wa kike.

Nianze na hoja ya ugeni, kwa kuwa ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli kwamba mashindano ya slam yana mahali pa kuzaliwa. Marc Smith, aliyekuwa fundi wa ujenzi, aliyaanzisha Chicago, na mwaka 1986 yakapata makao katika baa iitwayo Green Mill. Kanuni zake zikasambaa duniani: mshairi apewe dakika 3, asibebe ala wala vifaa, na waamuzi 5 wateuliwe kutoka miongoni mwa wasikilizaji, kila mmoja atoe alama kati ya 0 na 10. Hicho ndicho kilichotoka nje, yaani saa na alama. Kupaza shairi mbele ya hadhira hakukutoka nje. Wahaya wana enanga, ala ya nyuzi inayopigwa huku bingwa akiimba habari za watawala na mashujaa. Wanyarwanda wana ibyivugo, majigambo ya shujaa anayejitaja mwenyewe na matendo yake. Hata ng'ombe wao wa kifahari walitungiwa mashairi. Wanyankole wana ebyevugo. Pwani, tenzi zilisomwa kwa mahadhi mbele ya watu ambao wengi wao hawakuhitaji kuushika mswada, maana masikio yaliwatosha. Anayemtazama kijana jukwaani na kusema kaiga tu, anakiona kipaza sauti na kuusahau mkondo mrefu ulio nyuma yake.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, mfano wa karibu ni utenzi wenyewe. Tunaufundisha shuleni kama hesabu: ubeti una vipande 4, kila kipande kina mizani 8, vipande vitatu vya kwanza vinashiriki kina kimoja, cha nne kinabeba kina cha bahari kinachorudi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanafunzi anahesabu, anapata alama zake, anafunga daftari. Lakini umbo hilo ni chombo cha safari. Kipande kifupi hakimruhusu msimulizi kuzubaa, mtu anaingia, anasema neno lake, anatenda, anatoka. Na kile kina cha mwisho kinaporudi, ni kama kasia linalorudi majini, msikilizaji anajua kwamba bado tumo katika safari ileile. Utenzi wa Tambuka, utenzi wa vita ulioandikwa kisiwani Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, una zaidi ya beti 1,100. Hakuna mtu anayekaa kusikiliza beti 1,100 za nasaha. Anakaa kwa sababu anataka kujua vita vitaishaje.

Na katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa hekaya za pwani, kama kilivyotungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, limo tukio ambalo ningependa kila anayepanda jukwaani alishike kichwani. Liyongo amefungwa, anangoja kuuawa. Kijakazi wa mama yake, Saada, anamletea chakula, na walinzi wanakipora na kukila chote. Hana karatasi, hana wa kunong'ona naye. Anaimba. Kwa shairi, walinzi wakimsikia kwa masikio yao wenyewe, anamtuma Saada kwa mama yake: uokwe mkate wa wishwa, na ndani yake zitiwe tupa. Walinzi wanasikia mtu anayejiliwaza kabla ya kifo, basi. Mkate unapofika wanautazama, wanaona pumba tupu, wanamwachia. Kisha anaomba apigiwe ngoma ya gungu kwa mara ya mwisho, na ngoma inaporindima nje huku watu wakiimba na kucheza, yeye ndani anakereza pingu zake. Tazama shairi lilivyofanya kazi. Halikumwambia mtu yeyote kwamba dhuluma ni mbaya. Lilitaja mkate, likataja wishwa, likataja tupa. Vitu vitatu vya jikoni na karakana, na kila aliyevisikia alivisikia kwa kadiri ya akili yake.

Desturi hiyo haikufia katika hekaya. Wajerumani walipoitwaa Mrima, yaani pwani ya Tanzania bara, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia vita hivyo utenzi. Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, vilipata utenzi wake kwa Abdul Karim bin Jamaliddini. Humo mna watu na miji kwa majina, na mwanahistoria anayetaka kujua wenyeji waliisimuliaje dhoruba ile hana budi kurudi huko. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba habari ya Kijiti: mgeni wa kike kutoka Dar es Salaam anauawa Unguja, muuaji anakimbilia ng'ambo ya pili ya bahari, na wanawake waliojitokeza kueleza waliyoyaona ndio wanaoishia kufungwa. Wimbo ule haukuhitaji kutamka kwamba hukumu ilipinda. Ulieleza nani alitoka na nani, nani alikimbia na nani alibaki kifungoni. Yaliyosalia mkazi wa Ng'ambo, mtaa wa Unguja nje ya Mji Mkongwe, aliyamaliza mwenyewe akiwa kwenye baraza yake.

Sasa nije kwenye hoja ya vina na mizani, ambayo ina uzito kuliko ile ya ugeni. Ubishi wake ni wa zamani. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya mashairi yasiyofuata sheria hizo, na kwa miaka mingi wanamapokeo na wanamabadiliko wakawa hawapikiki chungu kimoja. Naamini wanamabadiliko walithibitisha kwamba shairi lisilo na vina linaweza kusimama. Hata hivyo ubishi ule ulikuwa zaidi juu ya ukurasa, na wanamapokeo walikuwa na jambo ambalo waghani wa leo wangefaidi kulisikia. Vina na mizani havikuwa pambo. Vilikuwa kamba ya kufungia kumbukumbu, vilimsaidia anayesema asipotee na anayesikia asiachwe nyuma. Ukiviondoa, ni lazima kitu kingine kifanye kazi yao: kibwagizo kinachorudi, mtu mmoja anayesemeshwa, matukio yanayofuatana. Ghani nyingi za leo zimeng'oa nguzo bila kusimika nyingine, zikaegemea sauti peke yake. Anapandisha, anashusha, anakimbiza maneno, anatua kwa kunong'ona. Sauti nzuri inalishika sikio kwa dakika mbili, baada ya hapo sikio linataka kujua nini kilitokea.

Nitoe mfano mmoja tu niliouona. Katika usiku wa mashairi niliohudhuria Dar es Salaam, walipanda waghani 12. Kumi na moja walitupatia ujumbe. Wa kumi na mbili, msichana aliyepanda na mkoba wake begani na wala asiutue, alitusimulia habari ya dada yake aliyeshikwa na uchungu alfajiri, mbali na hospitali. Wamefika kituoni, gari dogo la abiria lipo, ila halijajaa. Utingo anaita, "Bado wawili! Bado wawili twende!" Ndani kuna gunia la mkaa, kuna mzee amepakata jogoo, kuna dada yake ameegemea kioo na ukungu wa pumzi yake unatanda na kufutika juu ya kile kioo. Mama mkwe anafungua pindo la khanga, anahesabu: pesa zinatosha kulipia kiti kimoja kitupu, si viwili. "Bado wawili." Msichana yule alilirudia neno hilo kwa sauti ya utingo, kisha kwa sauti ya mama mkwe akimbembeleza dereva, kisha kwa sauti yake mwenyewe, mtoto wa miaka tisa anayetazama barabarani akiomba watokee watu wowote wawili. Gari likaondoka mwishowe, sikumbuki lilijazwa na nani. Wakafika. Nesi akaweka kipimo juu ya tumbo, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena, kisha akainua uso akasema, "Bado wawili." Hapo msichana akashuka jukwaani. Kukawa kimya, na kutoka meza ya nyuma yangu mzee mmoja akasema polepole, "Alhamdulillahi."

Sikusikia kina hata kimoja. Sikusikia neno haki, wala afya, wala bajeti. Lakini lile lilikuwa shairi la Kiswahili mpaka ndani ya mfupa, kwa kuwa lilisimama juu ya kitu ambacho Kiswahili kinacho: kwamba neno "bado" linabeba upungufu na linabeba salio kwa pamoja. Mwanzoni wawili ni viti visivyo na watu, mwishoni wawili ni roho zilizosalia. Mghani hakutufafanulia hilo. Alituacha tusafiri na neno moja kutoka kituoni hadi wodini, na safari ndiyo iliyolibadilisha maana. Hiyo ndiyo kazi ya kisa, na hakuna hotuba inayoweza kuifanya, hata iwe na mdundo wa namna gani.

Nakubali kwamba kuna pingamizi zito dhidi ya ninayoyasema. Mtu anaweza kuniuliza: je, mawaidha si uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili? Mwana Kupona binti Msham, mwaka 1858, hakusimulia vita wala safari, alimuusia binti yake namna ya kuishi na Mungu, na watu, na mume. Na wosia ule umedumu. Kweli kabisa. Lakini tuusikilize unavyoanza. Kuna mama mgonjwa. Anamwita binti yake asogee. Anamwambia atwae wino na karatasi. Kabla ya nasaha ya kwanza, tayari tuna chumba, tuna mwili unaodhoofika, tuna msichana ameketi na kalamu, na tunajua kwamba maneno haya yana haraka kwa sababu muda ni mfupi. Nasaha zake zinatua kwa kuwa zina anayezitoa, zina anayezipokea na zina saa zilipotolewa. Mghani wa leo anayesema "vijana wenzangu, tuache dawa za kulevya" hana hata kimoja kati ya hivyo. Vijana gani? Anasema nao wapi? Yeye ni nani kwao, na jana usiku kulitokea nini hata aseme leo?

Nadhani nasaba halisi ya ghani ya namna hiyo haiko Pate, na wala haiko Chicago. Iko kwenye ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere alikutana na washairi mwaka 1968 na kuwaomba waueneze ujumbe wa Ujamaa, na Mathias Mnyampala akawa kinara wa ngonjera, mashairi ya majibizano ambayo shule za Tanzania zilikuja kuyafanya desturi ya kila sherehe. Wengi wetu tuliotokea shule hizo tumewahi kusimama kwenye mstari juani, tukipokezana beti mbele ya mgeni rasmi. Siibezi ngonjera. Iliwafundisha watoto wasiohesabika kusimama mbele za watu na kutoa sauti. Ila muundo wake ulikuwa na jibu kabla ya swali: yupo asiyejua, yupo ajuaye, wanajibizana, na mwishoni asiyejua anakiri na kushukuru. Ghani ya hafla imeuchukua muundo huo, ikamwondoa asiyejua, ikabaki na ajuaye peke yake. Ndiyo maana wazee wanapolalamika kwamba vijana wameiga Marekani, mimi ninasikia kitu tofauti kabisa. Ninasikia shule ya msingi.

Kuna sababu za kimaisha za jambo hili, na haitakuwa haki kuwalaumu waghani kana kwamba wanachagua kwenye uwanja mtupu. Mghani anakula kwa kualikwa, na anayemwalika ana ujumbe wake. Shirika lina mradi wa maji, linataka shairi la maji. Kampuni inazindua huduma, inataka huduma itajwe mara tatu. Wizara ina kaulimbiu ya mwaka, na kaulimbiu hiyo itatumwa kwa simu siku mbili kabla ya sherehe pamoja na orodha ya viongozi wa kutambuliwa. Katika mazingira hayo kisa ni mzigo. Kisa kina watu ambao hawamo kwenye orodha, kina mambo yanayopinda, kinaweza kuishia pahali ambapo mwenye shughuli hapataki. Kaulimbiu haina hatari hiyo. Ongeza na saa: kanuni ya dakika 3 iliyokuja na slam tayari ilikuwa imembana msimulizi, na sasa simu zimeibana hata hiyo, kwani kipande kinachosambaa ni cha sekunde chache. Sekunde chache zinatosha kwa mstari mmoja wa kuchoma moyo. Hazitoshi kumtoa mtu kituoni na kumfikisha wodini. Kwa hiyo mghani mwenye akili anajifunza kutunga mistari ya kuchoma, mmoja baada ya mwingine, kama shanga zisizo na uzi.

Kuna na woga, na woga nao tuuseme wazi. Anayesema "rushwa ni adui wa haki" hawezi kuitwa na mtu yeyote kuhojiwa, maana maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye ukuta wa ofisi yoyote. Anayesimulia siku moja, ofisi moja, karani mmoja na bahasha moja, huyo ana la kujibu. Lakini hapa ndipo urithi wetu una msaada mkubwa, kwa kuwa kisa kinajua kujificha kuliko hotuba. Muyaka bin Haji wa Mombasa alisema siasa za mji wake kwa mafumbo, na waliopaswa kuelewa walielewa. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa maandishi ya kisiasa, aliandika mashairi yake kizuizini, na ndani yake mamba anaweza kuwa mamba na akawa zaidi ya mamba. Katika zama zetu, Mrisho Mpoto, anayepanda jukwaani peku, alipendwa Tanzania nzima kwa sauti ya mpwa anayesema na mjomba wake, mpwa ambaye akipata nauli atakwenda kumwona. Neno mjomba ndilo lililobeba kila kitu. Mpwa ana haki ya kulalamika kwa mjomba, ana haki ya kudeka, ana haki ya kuuliza mambo ya nyumbani, na hakuna anayeweza kusema amekosa adabu. Nauli ambayo hana inaeleza umbali kati yao kuliko hotuba yoyote juu ya viongozi na wananchi. Hapo kuna uhusiano, kuna safari ambayo haijafanyika, kuna kisa. Wengi waliomfuata waliiga kutovaa viatu na kupandisha sauti. Mjomba wakamwacha.

Kusimulia nako kuna dhambi zake, na ninazitaja kwa sababu ninazichukia. Mashindano yenye alama yamewafundisha baadhi ya waghani kwamba maumivu yanalipa. Mtu anapanda, anasema kwa nafsi ya kwanza kwamba alibakwa, kwamba alimzika mama yake jana, watu wanalia, anashuka; baadaye unagundua kwamba kisa ni cha jirani, au hakikuwa cha mtu yeyote. Nafsi ya kwanza ni chombo halali cha sanaa, sipingi. Lakini fanani wa kale alikuwa na mlango wa kuingilia, alisema paukwa, tukaitikia pakawa, na sote tukajua tumevuka kizingiti. Mghani wa leo hana mlango. Anasimama na jina lake, na uso wake, na anasema mimi. Msikilizaji aliyepatwa na jambo lile kwa kweli ameketi kiti cha tatu, na kidonda chake kimetumika kupatia 9 badala ya 7. Anayebeba kisa cha mwingine ana deni kwake: aseme amekipata wapi, amwombe mwenyewe ridhaa, na awe tayari kukisema mbele yake huyo mwenyewe akiwa amekaa pale.

Yote haya yana maana kwa watu ambao hata hawajawahi kuhudhuria usiku wa mashairi. Mwalimu anayewaandaa wanafunzi kwa tamasha anaweza kuacha kuanza na mada. Mada zinazalisha hotuba. Awaambie wakakae na bibi, na mvuvi, na mshona viatu wa njia panda, warudi na tukio moja lenye saa yake na vitu vyake, ndipo watafute maneno. Mashirika yanayolipa waghani yangepata zaidi yakilipia wiki moja ya kusikiliza kabla ya dakika tano za kusema. Wanaotoa tuzo nao wana la kufikiria: tuzo kubwa za Kiswahili, ile ya Safal-Cornell na ile ya Mwalimu Nyerere, zinapokea miswada, na ni jambo jema, lakini sauti haina mswada. Msichana wa "bado wawili" akiandika shairi lake karatasini, sauti tatu za neno lile zitakuwa neno moja lililorudiwa.

Na liko suala la kuhifadhi, ambalo linaniumiza kuliko mengine. Lamu ya miaka ya 1970 ilikuwa na chombo cha kawaida kabisa, kanda. Wosia wa Ustadh Mahmoud Mau kwa mabinti, shairi linalosimulia jinsi msichana alivyorubuniwa na yaliyomfika, lilighaniwa na kurekodiwa, na watu wakanakiliana kanda. Mashairi ya kisiasa ya uchaguzi wa 1975 huko huko nayo yalizunguka kwenye kanda, upande mmoja ukijibu mwingine. Kanda ilikuwa na kasoro zake, ilikwaruza, ilikatika, ilinata juani. Ila ilikwenda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kuusikia mwisho, hukuwa na njia ila kukaa na kungoja ifike. Leo tuna simu zenye nafasi kuliko maktaba, na ghani zetu zimo humo vipande vipande.

Ile ya "bado wawili" niliitafuta baadaye, nikaikuta. Mtu ameiweka na maandishi makubwa ya njano juu yake, "Afya ya mama ni haki." Ina sekunde 48. Inaishia kituoni, utingo akiwa bado anaita.